Viti Tisa vya Kenya: Uchaguzi Uliokosa Kura

Tarehe 30 Machi 2007 Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha ilitoa hukumu ambayo haikuwa imepata kutolewa katika historia ya ushirikiano wa nchi hizi. Mahakama ilitamka kwamba Bunge la nchi jirani ya Kenya halikufanya uchaguzi wa wajumbe wake tisa wa Bunge la Afrika Mashariki. Haikusema kwamba uchaguzi ulikuwa na kasoro, wala kwamba kura ziliibwa au zilihesabiwa vibaya. Ilisema kwamba uchaguzi, kwa maana ya neno hilo katika Mkataba wa Jumuiya, haukufanyika kabisa, ingawa majina tisa yalikuwa yamekwisha kupelekwa Arusha na wenye majina hayo walikuwa wamejiandaa kuapishwa.

Jambo hili lilitazamwa na baadhi ya watu kama ugomvi wa vyama vya siasa vya Kenya uliomwagikia nje ya mipaka. Ugomvi wa vyama kwa kweli ulikuwapo. Lakini chini ya ugomvi huo palikuwa na swali kubwa zaidi, ambalo linazihusu nchi zote za Jumuiya. Kiti katika Bunge la nchi nyingi ni mali ya nani? Je, ni cha serikali inayotawala, ni cha chama, au ni cha wananchi kupitia wawakilishi wao waliowachagua?

Ili kulielewa swali hilo, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Afrika Mashariki ilipata Baraza lake la kwanza la kutunga sheria za pamoja mwaka 1948, wakati wa utawala wa Waingereza. Baraza hilo lilikuwa chombo cha wakoloni. Waafrika waliokuwamo walikuwa wachache mno, na waliingia kwa hiari ya watawala na si kwa hiari ya watu wao. Baada ya uhuru, nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini Mkataba wa Ushirikiano mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Mkataba huo uliweka Bunge la Afrika Mashariki, na kila nchi ikapewa viti tisa vya wajumbe wa kuteuliwa. Namna ya kuwapata wajumbe hao iliachiwa kila nchi iamue yenyewe. Hivyo wajumbe walikwenda Arusha kwa uteuzi, na mwananchi wa kawaida wa Kisumu, wa Mbale au wa Songea hakuwa na njia ya kujua walipatikanaje.

Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Waliosuka Jumuiya mpya walijiuliza ni kwa nini ile ya kwanza ilikufa, na majibu yao wakayaandika katika dibaji ya Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Walitaja ukosefu wa nia thabiti ya kisiasa. Walitaja mgawanyo wa faida usiokuwa sawa baina ya nchi. Walitaja pia kwamba sekta binafsi na vyama vya kiraia havikushirikishwa ipasavyo. Kwa maneno mengine, Jumuiya ya kwanza ilikuwa ni ya viongozi, na viongozi walipokosana haikuwa na mtu mwingine wa kuitetea.

Kwa sababu hiyo Mkataba mpya, ulioanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, haukulirudia neno la kuteua. Ibara ya 50 ilisema kwamba Bunge la kila Nchi Mwanachama litachagua wajumbe tisa, na kwamba watu hao wasitoke miongoni mwa wabunge wenyewe. Ikaagiza kwamba, kadiri iwezekanavyo, wajumbe hao wawakilishe vyama mbalimbali vya siasa vilivyomo Bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia zote na makundi mengine maalumu katika nchi. Mwishowe ikasema kwamba utaratibu wa uchaguzi huo utaamuliwa na Bunge la nchi husika. Ni maneno hayo ya mwisho, juu ya utaratibu, ndiyo yaliyofungua mlango wa matatizo.

Yafaa ikumbukwe kwamba Bunge hilo la Arusha si jumba la mazungumzo matupu. Linapitisha bajeti ya Jumuiya na kutunga miswada ambayo, ikisharidhiwa na Wakuu wa Nchi, huwa sheria katika nchi zote. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004 ilipita humo, na tangu Umoja wa Forodha ulipoanza tarehe 1 Januari 2005 sheria hiyo imemgusa kila mfanyabiashara anayevusha mzigo Namanga, Malaba au Mutukula. Aidha Ibara ya 8 ya Mkataba inazipa sheria za Jumuiya uzito kuliko sheria za nchi katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba. Watu wenye madaraka ya namna hiyo ni lazima ijulikane wametumwa na nani.

Bunge la kwanza lilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2001, na Spika wake akawa Ndugu Abdulrahman Kinana wa Tanzania. Kwa upande wa Kenya, kanuni za kuwapata wajumbe ziliandikwa mwaka huo huo wa 2001, chama cha KANU kikiwa bado madarakani. Chini ya kanuni hizo, vyama vilipeleka majina kwa Kamati ya Shughuli za Bunge. Kamati ikayapitia majina, ikaridhika nayo, na majina yakatumwa Arusha. Bunge zima halikuulizwa lipige kura. Njia hiyo ilikuwa nyepesi na ya haraka, nayo iliwafaa wakubwa wa vyama, kwani ufunguo wa viti vyote tisa ulibaki mikononi mwao.

Mwezi Desemba 2002 mambo yaligeuka nchini Kenya. KANU ilishindwa baada ya kutawala tangu uhuru, na muungano wa NARC ukaingia Ikulu chini ya Rais Mwai Kibaki. Katika viti 210 vya majimbo, NARC ilipata 125, KANU 64 na FORD-People 14, na vilivyobaki vikaenda kwa vyama vidogo. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini muungano wenyewe ulikuwa na ufa tangu siku za mwanzo. Washirika walilaumiana juu ya makubaliano ya kugawana madaraka, na ufa huo ukawa bonde katika kura ya maoni ya katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, ambapo upande wa serikali ulishindwa. Mawaziri walioipinga rasimu ya katiba hawakurudi katika Baraza jipya. Tangu hapo wabunge waliochaguliwa kwa tiketi moja ya NARC waliketi Bungeni wakitazamana kama wapinzani.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwapo muda wa Bunge la kwanza la Afrika Mashariki ulipokaribia kwisha mwaka 2006. Kwa kuhesabu nguvu za vyama Bungeni, NARC iligawiwa viti 5 kati ya 9, KANU ikapata 3 na FORD-People 1. Hesabu yenyewe haikuwa na utata mkubwa. Utata ulikuwa katika kujua NARC ni nani. Upande wa NARC ulileta orodha zaidi ya moja, kila kundi likidai kuwa ndilo lenye haki ya kusema kwa jina la chama. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mwishoni mwa Oktoba 2006 Kamati ya Shughuli za Bunge iliamua orodha ipi ishike, na majina tisa yakapelekwa kwa Katibu wa Bunge la Afrika Mashariki. Kwa jumla Bunge la Kenya lilikuwa na wabunge 222, yaani wale 210 wa majimbo na 12 wa kuteuliwa. Walio wengi kati yao walisikia matokeo ya uchaguzi ambao wao wenyewe, kwa mujibu wa Mkataba, ndio walikuwa wapiga kura.

Mwezi Novemba Profesa Peter Anyang' Nyong'o, aliyekuwa Waziri wa Mipango katika serikali ya NARC hadi mwaka 2005, pamoja na wenzake kumi walifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Haki hiyo waliipata katika Ibara ya 30 ya Mkataba, inayomruhusu mtu yeyote mkazi wa Nchi Mwanachama kuiomba Mahakama ipime kama kitendo cha nchi hiyo kinavunja Mkataba. Tarehe 27 Novemba 2006, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya kuapishwa, Mahakama ilitoa zuio la muda. Watu wale tisa wasitambuliwe kuwa wajumbe mpaka shauri litakapoamuliwa.

Zuio hilo liliishtua serikali ya Kenya. Mahakama ilikuwa imekuwapo tangu mwaka 2001, lakini mpaka wakati huo ilikuwa haijapata kuigusa serikali yoyote mahali panapouma. Tarehe 30 Novemba 2006 Wakuu wa Nchi walikutana Arusha, wakaagiza kwamba vifungu vya Mkataba juu ya kuondolewa kwa majaji vitazamwe upya. Tarehe 14 Desemba 2006, siku 17 tu baada ya zuio, marekebisho ya Mkataba yalikuwa yamekwisha kutiwa saini. Mahakama iligawanywa sehemu mbili, ya Awali na ya Rufaa. Sababu za kumwondoa au kumsimamisha jaji ziliongezwa. Mwananchi anayetaka kulalamika akawekewa kikomo cha miezi miwili. Mambo mengine ambayo katika Jumuiya huzungumzwa kwa miaka yalimalizwa hapa kwa muda usiofika wiki tatu.

Kenya iliomba pia kwamba majaji wawili walio raia wake wajitoe katika shauri, kwa hoja kwamba walikuwa wamesimamishwa kazi nchini kwao kwa tuhuma za mwenendo. Tuhuma hizo zilikuwa za tangu mwaka 2003, lakini ombi lililetwa baada ya zuio kutolewa. Mahakama ililikataa ombi hilo mwezi Februari 2007, ikaendelea na kazi yake.

Hoja za Kenya katika shauri lenyewe hazikuwa za kupuuzwa, na ni haki kuzieleza. Kwanza, ilisemwa kwamba Ibara ya 52 inaziachia taasisi za nchi husika maswali juu ya nani ni mjumbe halali, na kwa hiyo malalamiko yangepaswa kupelekwa katika mahakama za Kenya. Pili, ilisemwa kwamba Mkataba wenyewe umeliachia kila Bunge liamue utaratibu wake. Bunge la Kenya liliamua mwaka 2001, na utaratibu wake ukafuatwa. Kamati ya Shughuli za Bunge ni ya wabunge, ilisemwa, na kilichofanywa na Kamati kimefanywa na Bunge.

Mahakama ilizijibu hoja hizo kwa uangalifu. Juu ya hoja ya kwanza ilisema kwamba Ibara ya 52 inahusu mtu aliyechaguliwa ambaye uchaguzi wake una mgogoro. Hapa swali lilikuwa kama Mkataba umetekelezwa, na kuufasiri Mkataba ndiyo kazi ambayo Mahakama hiyo iliundiwa. Juu ya hoja ya pili ilikubali kwamba Bunge lina uhuru wa kuamua utaratibu. Laweza kuchagua kwa kura ya siri au kwa njia nyingine, na vyama vyaweza kupendekeza majina. Lakini uhuru wa kuamua njia si uhuru wa kuacha safari. Uamuzi wa kumchagua mjumbe ni lazima uwe wa Bunge lenyewe, na hauwezi kuwa wa vyama vya siasa wala wa chombo kingine chochote. Kwa kuwa kanuni za Kenya ziliufanya uamuzi wa Bunge kuwa kitu kisichohitajika, kanuni hizo zilikiuka Ibara ya 50, na majina yaliyopatikana kwazo hayakuwa na uchaguzi nyuma yake.

Mahakama iligusa pia suala la mamlaka ya taifa. Ilieleza kwamba nchi inapoingia katika Jumuiya kwa hiari yake, inakubali kuachia sehemu ya mamlaka yake katika mambo fulani, ili vyombo vya pamoja viweze kufanya kazi. Maneno hayo ni machungu kwa serikali yoyote, hasa katika nchi zilizoupata uhuru kwa jasho na damu. Lakini hakuna aliyeilazimisha Kenya kutia saini. Neno la kuchagua liliandikwa na nchi zote tatu kwa pamoja, na kila moja ilikuwa na haki ya kutazamia kwamba mwenzake atalitimiza kama lilivyoandikwa. Mjumbe wa Kenya akiketi Arusha hapigi kura juu ya Kenya peke yake. Anapiga kura juu ya ushuru atakaoulipa mkulima wa Uganda na mvuvi wa Tanzania. Kwa hiyo namna alivyopatikana si siri ya nyumba moja.

Ni kweli pia kwamba walioleta shauri hawakuwa malaika. Walikuwa ni wanasiasa waliopigania nafasi za upande wao, na laiti orodha yao ndiyo ingekubaliwa na Kamati, huenda Ibara ya 50 isingepata watetezi mwaka huo. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Haki haigeuki kuwa dhuluma kwa kuwa imedaiwa na mtu mwenye maslahi. Mahakama haikuwachagulia Wakenya watu wengine, wala haikukipa kundi lolote ushindi. Iliirudisha kazi kwa mwenyewe, yaani Bunge la Kenya.

Gharama ya kosa hilo ililipwa na Jumuiya nzima. Muda wa Bunge la kwanza ulikwisha mwezi Novemba 2006, na Bunge la pili halikuzinduliwa hadi tarehe 5 Juni 2007, baada ya Kenya kuandika kanuni mpya na kupitisha majina mbele ya Bunge lenyewe. Kwa zaidi ya miezi sita Jumuiya ilikaa bila Bunge, na hiyo ilikuwa ni miezi ile ile ambayo Rwanda na Burundi zilikuwa mlangoni, zikijiandaa kuingia tarehe 1 Julai 2007. Kwa bahati iliyo kama funzo, Spika wa Bunge hilo la pili alitoka Kenya.

Marekebisho ya Mkataba nayo hayakupita kimya. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki pamoja na vyama vya wanasheria vya nchi husika vilikwenda mahakamani kuyapinga. Mwaka 2008 Mahakama ilisema kwamba kuubadili Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulikwenda kinyume cha misingi ya Mkataba wenyewe. Hata hivyo haikuyafuta marekebisho hayo. Hivyo kikomo cha miezi miwili kilibaki, na wananchi wengi wa Afrika Mashariki wamefika katika Mahakama hiyo wakakuta mlango umefungwa, si kwa kuwa hawana haki, bali kwa kuwa walichelewa. Huo ni urithi wa siku zile 17 za mwaka 2006, na ni urithi ambao walioushangilia uchaguzi uliosahihishwa hawapaswi kuusahau.

Ibara ya 50 iliendelea kuleta mashauri. Uganda ilishtakiwa mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2012, kila moja kwa namna yake ya kuwapata wajumbe. Kenya yenyewe iliteleza tena. Mwaka 2017, nchi ikiwa katika msukosuko wa uchaguzi wa Rais uliofutwa na kurudiwa, vyama vyake havikuafikiana juu ya majina, na Bunge la nne, lililotakiwa kuanza mwezi Juni, halikuanza hadi Desemba. Kwa mara ya pili Jumuiya nzima ilikaa miezi sita ikisubiri viti tisa. Wakati huo nchi wanachama zilikuwa zimefika sita, na kila inapoongezeka nchi moja, wanaosubiri huongezeka.

Wako wanaosema kwamba dawa ya yote ni wananchi wawachague wajumbe hao moja kwa moja, kama walivyofanya watu wa Ulaya kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1979, baada ya miaka mingi ya wabunge wao kutumwa na mabunge ya nchi. Huenda siku hiyo itafika Afrika Mashariki. Lakini kabla haijafika, Mkataba uliopo unadai jambo dogo kuliko hilo, kwamba wabunge waliokwisha kuchaguliwa na wananchi wapewe majina, wayapime, na waamue wao wenyewe. Serikali isiyoweza kuwaamini wabunge wake kwa jambo hilo itapata shida kuwashawishi wananchi kwamba iko tayari kuwakabidhi kura yenyewe.

Jumuiya ya kwanza ilikufa mwaka 1977 kwa kuwa viongozi walikosana na wananchi hawakuwa na mahali pa kusimama ili kuwasuluhisha. Hukumu ya tarehe 30 Machi 2007 iliwapa mahali padogo pa kusimama, nako ni kuijua haki yao kwamba anayeketi Arusha kwa jina lao amechaguliwa. Haki hiyo ilipatikana kwa gharama, na nusura chombo kilichoitoa kivunjwe nguvu. Kazi iliyobaki ni ya wabunge wa kila nchi, kila baada ya miaka mitano, wanapoletewa orodha iliyokwisha kukamilika na kuombwa waipitishe bila maswali.